Swali la alama mbili

Jumanne ya wiki iliyopita nilishuka kutoka mlimani, nikafika nyumbani Rau saa kumi na moja jioni, vumbi la njia ya Mweka likiwa bado kwenye nyusi. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, daftari mapajani. Hakunipa pole ya safari wala hakunipokea begi.

"Mama, kule juu kuna joto?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mama. Kule juu kuna joto?"

Nikamwonyesha mkono wangu wa kushoto. Usiku wa kuamkia Jumatatu tulikuwa tunapanda kileleni, upepo ukakaza, nikavua glavu kwa dakika chache kumfunga mgeni kamba za viatu. Hadi leo ninavyoandika hapa ncha za vidole viwili bado zina ganzi. Akavishika, akavibinyabinya, kisha akanifungulia daftari. Mwalimu alikuwa ameuliza: eleza kwa nini barafu ya Mlima Kilimanjaro inapungua, alama 2. Yeye alijibu kwa mstari mmoja, kwamba ni kwa sababu ya ongezeko la joto duniani. Alama mbili kwa mbili, kwa wino mwekundu.

"Sasa kama kule juu kuna baridi ya kukuua vidole," akasema, "hilo joto linaloyeyusha barafu liko wapi?"

Yuko darasa la sita. Mimi nilianza kubeba mizigo mlimani mwaka 2007, nikapata leseni ya kuongoza wageni mwaka 2013, na jibu lile lile lililo kwenye daftari lake nimelitoa mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuhesabu. Nalitoa tukiwa tunatembea, bila kugeuka nyuma, na mgeni husema "ahaa" tukaendelea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika kwenye kona aliyonishika mtoto huyu. Niliketi naye pale kizingitini na buti zangu miguuni, na tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria jambo hili: mtu akikupa jibu fupi, jepesi, linalokaa vizuri mdomoni, utajuaje kama amekuambia kweli?

Nianze na barafu yenyewe, maana ndiyo iliyoniamsha.

Kule juu hakuna joto. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na wastani wa halijoto ya hewa karibu na barafu ni kama nyuzi saba chini ya sifuri. Hewa yenyewe kwa sehemu kubwa haitoshi kuyeyusha kitu. Lakini jua lipo, na kule ni kali kuliko mahali popote nilipowahi kusimama. Theluji mpya ni kama bati jipya, jua likiipiga linarudishwa lilikotoka. Theluji isipoanguka ya kutosha, barafu ya zamani inabaki wazi, yenye vumbi, nyeusinyeusi kama bati la mwaka arobaini na saba, nayo inalimeza jua badala ya kulirudisha. Sehemu fulani inayeyuka. Sehemu nyingine haipitii hata kwenye maji, inageuka mvuke moja kwa moja. Hilo nilimweleza binti yangu kwa vile vidonge vyeupe tunavyoweka kabatini kufukuza mende na nondo: unaviweka, baada ya miezi vimekwisha, na nguo hazikulowa. Akaenda kabatini kuhakikisha. Vilikuwa vimebaki kama punje za mchele.

Kwa hiyo tatizo kubwa la barafu yetu kwa zaidi ya miaka mia ni njaa ya theluji. Mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu, mawingu yakapungua kileleni, theluji ikapungua. Mwaka 1912 Wajerumani walipoichora ramani ya kilele, barafu ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba kama 12. Kufikia mwaka 1953, kabla mama yangu hajazaliwa, karibu nusu ilikuwa imeshaondoka. Mwaka 2011 zilikuwa hazifiki hata 2. Na kuta zile zilizosimama wima, ambazo wageni hupenda kupiga nazo picha, hazina namna ya kurudi, kwa sababu theluji haishiki kwenye ukuta. Zinarudi nyuma tu, mwaka baada ya mwaka.

Je, ongezeko la joto duniani halihusiki? Linahusika. Mvua zetu zinategemea Bahari ya Hindi, bahari hiyo inazidi kupata joto, na mvua ikibadilika kilele nacho kinabadilika. Kwa hiyo sikumwambia mtoto kwamba jibu lake ni la uongo, kwa sababu si la uongo. Lakini jibu hilo limekunjwa mara nyingi mno. Anayelisoma anaona picha ya sufuria ya barafu juu ya jiko, wakati kinachotokea kule juu hakifanani kabisa na sufuria.

Mwaka 2002 watafiti waliochimba barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima wetu, na kuisoma tabaka kwa tabaka waliandika kwamba, ikiwa hali ya hewa itaendelea kama ilivyo, barafu iliyobaki huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Mimi nilipoanza kazi, miaka mitano baadaye, maneno hayo yalikuwa yameshateremka hadi getini tunapoanzia kupanda, na kule getini hayakuwa na "ikiwa" wala "huenda". Yalikuwa yamebaki na mwaka tu: barafu inaisha 2020. Nimewahi kupandisha familia iliyofunga safari kutoka mbali kwa sababu ya mwaka huo, ili watoto waione kabla haijaisha. Nami nilikubali kwa kichwa, nikasema ndiyo, ndiyo.

Mwaka 2020 ulifika ukapita. Barafu ipo. Imekonda, ile ya Furtwängler ndani ya kreta nikiitazama kutoka juu najisikia kama natazama mgonjwa niliyemjua akiwa na afya, lakini ipo. Ndipo nikaanza kusikia kwa wenzangu, na hata kwa watu wa mjini, jibu jipya lililo jepesi vilevile: wale wataalamu walikuwa waongo. Hapo ndipo panaponiuma. Wale watu hawakusema uongo. Waliweka sharti mbele ya maneno yao, sisi tukalidondosha njiani, kisha tukawahukumu kwa kitu tulichokidondosha wenyewe.

Kila aliyepita geti la Machame anaijua mizani. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, kwa hiyo mzigo ukizidi unafunguliwa hapo hapo na vitu vinatolewa. Nilipokuwa mgumu, ndivyo tunavyoitana sisi wapagazi, nilijifunza kwamba kupunguza mzigo hakuna ubaya, bila kupunguza hakuna anayefika. Ubaya ni kutojua ulichopunguza. Jioni kambini mpishi anauliza gesi ya pili iko wapi, unamwambia imebaki getini, yuko nayo fulani, inakuja kesho. Au unamkodolea macho. Jibu fupi nalo ni mzigo uliopita kwenye mizani. Ninaloliangalia sasa kwa mtu ni kama anajua kilichobaki getini na kama atanitajia nikimuuliza.

Mimi mwenyewe nilishakodoa macho, na si mara moja.

Kuna hadithi tunayoirithi sisi tunaoongoza wageni kama watu wanavyorithi kihamba, lile shamba la ukoo. Ukitazama ramani, mpaka wa Tanzania na Kenya unatoka Ziwa Victoria umenyooka kama umepigwa kwa rula, ukifika kwenye mlima unapinda, unauacha mlima upande wetu, kisha unaendelea hadi pwani. Mgeni anauliza kwa nini. Unamjibu: Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, kwa sababu yeye Malkia alikuwa na milima miwili yenye theluji na mjukuu hana hata mmoja. Wageni wanaipenda mno. Inawachekesha, wanaiandika kwenye vitabu vyao vidogo, na inakaa akilini.

Desemba moja, katika zile safari za kuadhimisha Uhuru ambazo Watanzania wengi hupanda, nilikuwa na kundi la walimu. Mmoja alikuwa mwalimu wa historia kutoka Iringa, mama mtu mzima, mpole, anayetembea na fimbo yake ya mti badala ya zile za chuma. Nikaitoa hadithi yangu tukiwa tunaelekea kambi ya Shira. Wote wakacheka. Yeye akanyamaza hatua kama ishirini, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyo mjukuu alianza kuwa Kaisari mwaka gani?"

Sikujua. Akaniambia: 1888. "Na mkataba wa mpaka ulikuwa mwaka gani?" Hilo nalo sikujua. Ni 1886. Mwaka 1886 huyo Wilhelm hakuwa Kaisari, babu yake ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Kisha, kambini, akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, yule mama akanifungulia mambo ambayo mimi Mchaga wa Kidia nilipaswa kumfungulia yeye. Kwamba mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuweka mikataba na wakuu wa huku, akiwamo Mangi Rindi wa Moshi. Kwamba mwaka mmoja kabla yao Mwingereza naye alikuwa amepita akitafuta sahihi kule Taveta. Kwamba hata Sultani wa Zanzibar alimtuma mtu wake kuwataka wamangi wakubali bendera yake. Kwamba baada ya kuvutana huko, London na Berlin wakakubaliana kuanzia mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, kisha mstari uzunguke mguu wa kaskazini wa mlima hadi Ziwa Victoria. Hakukuwa na keki wala mishumaa ya siku ya kuzaliwa.

Nililala vibaya usiku ule, na haikuwa kwa sababu ya mwinuko. Kwenye hadithi yangu ya zawadi, Mangi Rindi hayumo. Watu wa kwetu hawamo kabisa. Mlima unatoka mkono wa bibi kwenda mkono wa mjukuu, na sisi tunaoishi juu yake ni kama migomba, tumepandwa tu pale. Nilikuwa nimeibeba hadithi hiyo miaka yote, tena kwa tabasamu, mbele ya nyumba ya mama yangu. Urahisi wake ulitokana na kututoa sisi. Tangu siku hiyo nimeacha kuisimulia, na mgeni akinitajia kwamba ameisoma mahali, namweleza ya mwaka 1885 hata kama tunapanda mlima mkali na pumzi ni ya kuazima.

Mtu anaweza kuniambia, basi tuamini majibu marefu. Hapana. Mlima huu una ushahidi wake.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima kwa mbali ukiwa na weupe juu. Akamuuliza aliyekuwa akimwongoza weupe ule ni nini. Yule mwongozaji, kwa maelezo ya Rebmann mwenyewe, hakuwa na jina la kuuita. Akasema anadhani ni baridi. Rebmann aliliandika neno lenyewe kama alivyolisikia, "beredi". Alipofika Uchagani alihadithiwa kwamba watu walishawahi kupanda kuchunguza kitu kile kinachong'aa kama fedha, lakini kikiteremshwa chini kinageuka maji. Aliporipoti Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, kule London msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuuona mlima huu, alimpinga kwa kurasa na kurasa, kwa hoja zilizopangwa kisomi, na hakutaka kusikia hata baada ya msafiri Mjerumani von der Decken kuja kupanda mwaka 1861 na tena 1862, na kuishuhudia theluji.

Namfikiria sana yule mwongozaji. Ni mwenzangu wa kazi, aliyenitangulia kwa zaidi ya miaka 160. Mgeni wake amemuuliza swali asilolijua, na angeweza kutunga chochote: fedha, mawingu, majini wa mlimani. Mgeni asingekuwa na namna ya kumbishia. Akasema neno moja alilokuwa nalo, na akasema analidhani tu. Sidhani kama kuna jibu fupi zaidi lililowahi kutolewa kuhusu Kibo. Leo sehemu ya barafu ya upande wa kusini, ile tunayoiona kushoto tukitoka Stella, kwenye ukingo wa kreta, kwenda Uhuru, inaitwa kwa jina la Rebmann. Kila nikipita hapo namkumbuka yule mwingine.

Sasa niseme lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Septemba 2017 nilikuwa na kundi la watu watano kutoka Dar es Salaam. Mmoja alikuwa kaka wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, mwenye sauti kubwa, aliyeahidi watoto wake picha ya kileleni. Siku ya tatu, tulipokuwa tunateremka kuelekea kambi ya Barranco, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, niambie ukweli. Nitafika?"

Nikamwambia, "Utafika, kaka. Pole pole tu."

Neno "utafika" nililitoa kwa sababu lilikuwa tamu kwake na kwa sababu lilinipumzisha mimi. Nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa imetunyeshea mchana, nilikuwa na mahema ya kufikiria. Jibu la kweli lingechukua nusu saa. Ningemweleza kwamba kileleni presha ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani alikotoka, kwamba mwili wa mtu mmoja unazoea na wa mwingine unagoma, na kwamba nguvu ya miguu haisaidii kujua nani ni nani. Ningemwambia kichwa kikiuma nataka nijue saa hiyo hiyo. Kichefuchefu vilevile, kukosa usingizi vilevile. Ningemwambia kuna watu wenye misuli ninaowarudisha na kuna akina mama wa miaka sitini wanaofika wakiimba. Niliyajua yote hayo. Niliyaacha getini.

Siku ya kwanza nilikuwa nimeyasema mbele ya kundi zima, kama tunavyoyasema siku zote, na kila asubuhi na jioni tulipima oksijeni kwenye vidole na kuuliza hali. Lakini mtu akikuuliza peke yake, kwa sauti ya chini, jibu unalompa hapo ndilo analolala nalo.

Usiku wa kilele tuliondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita. Kwenye saa kumi alfajiri, tukiwa tumeshapita mita 5,400 kwa makadirio yangu, nilimwona anakaa chini kila baada ya hatua kumi. Nikamfuata. Akaniuliza funguo za gari ziko wapi. Nikadhani anatania, maana alikuwa mtu wa utani. Akauliza tena, kwa hasira, kwa nini nimechukua funguo za gari lake. Nikamsimamisha, nikamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kigusane na vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya pili akaangukia begani kwangu.

"Tunashuka," nikasema.

Hilo nalo lilikuwa jibu fupi. Hakunielewa, aliendelea kunigombeza kuhusu gari, lakini kama angekuwa na akili zake na angeuliza kwa nini, ningeweza kumweleza hadi asubuhi: ubongo unaovimba kwa kukosa hewa, mtu anayetembea kama mlevi, na dawa ambayo ni moja tu kubwa, kushuka, sasa hivi, gizani, haijalishi kilele kiko karibu kiasi gani. Nilimwachia msaidizi wangu kundi, nikashuka naye pamoja na vijana wawili, tukimshika kwapani, mtungi wa oksijeni ukiwa mgongoni kwa mmoja wetu. Kutoka Barafu tulimlaza kwenye machela ya gurudumu moja. Tulipofika kambi ya Millennium, karibu mita 3,800, alifungua macho akaomba chai. Nilikwenda nyuma ya choo cha kambi nikalia.

Alipona kabisa. Siku mbili baadaye tulikaa pamoja mjini Moshi kabla hajapanda basi, na ndipo aliponiambia kitu ambacho sijawahi kukisahau. Kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma tangu kambi ya Karanga. Alitapika mara mbili nyuma ya hema na kufukia kwa mchanga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anaeleza tu: "Dada, wewe si ulishasema nitafika? Nikajua basi kuumwa kichwa ndiyo kufika kwenyewe."

Sasa nikiulizwa "nitafika?" nasema, "Sijui." Wengine wanashtuka. Nawaona wanawaza: nimelipa kutafuta mtu anayejua, naye anasema hajui! Lakini naendelea: sijui kwa sababu hakuna anayejua mwili wako utafanya nini kule, ninachojua ni dalili za kuangalia, na nikisema tushuke, tutashuka. Wengi wakishasikia hivyo wanaanza kunieleza vitu vidogo wanavyovificha. Kuumwa tumbo. Kidonge cha presha ambacho hawakukiandika kwenye fomu. Mama mmoja kutoka Mwanza aliniambia kwamba anaogopa giza.

Majibu mepesi yanaumiza hata chini huku, taratibu. Kidia kwa mama yangu kuna mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita juu ya kihamba chetu, uliochimbwa na wazee wa zamani, na siku hizi wakati wa kiangazi maji yanafika yakiwa uzi. Ukiuliza kijijini utajibiwa: ni kwa sababu barafu inaisha. Linaingia akilini, barafu ni maji na iko juu yetu. Lakini maji ya mito na mifongo yetu kwa sehemu kubwa kabisa yanatoka kwenye mvua inayonyesha msituni, na kwenye ukungu ambao miti ya juu inaukamata, na yale ya barafu ni kidogo sana. Oktoba 2020 moto ulipowaka siku nyingi juu ya kambi ya Mandara, nilikutana na watu waliosema afadhali, umeunguza majani tu, haukugusa barafu. Mama yangu alisikitika kwa ajili ya barafu asiyowahi kuigusa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kilichokuwa kinaungua ndicho kilichokuwa kinamletea maji.

Turudi kizingitini. Nilipomaliza kumweleza binti yangu habari za jua, theluji na vidonge vya kabatini, giza lilikuwa limeingia na buti bado nilikuwa nazo. Akasema, "Mama, hayo yote hayawezi kuwa alama mbili." Nikakubali. Mwalimu ana watoto wengi na daftari ni nyingi, simlaumu kwa kutaka mstari mmoja. Nikamwambia aandike mstari wake mwenyewe, ambao akiulizwa hautamwangusha. Alifuta mara tatu. Mwisho akaandika, chini ya lile jibu la kwanza, kwa penseli: "Theluji inayoongezeka kila mwaka ni ndogo kuliko barafu inayopotea."

Niliusoma mara mbili. Kisha nikamuuliza, kwa nini theluji imekuwa ndogo? Akaanza kujibu. Nikamuuliza, barafu inapoteaje wakati kuna baridi? Akaonyesha kabati. Nikamuuliza, itaisha lini?

"Sijui," akasema. "Wewe unajua?"

"Sijui. Wanaopima wanasema haina miaka mingi, ikiwa mambo yataendelea hivi."

Akaandika "ikiwa" pembeni, akaichorea mstari.

Asubuhi ya Jumatano mlima ulikuwa wazi, na usiku theluji ilikuwa imeanguka, Kibo yote nyeupe hadi chini, kama unavyokuwa ukionekana kutoka Rau baada ya mvua. Watu njiani walikuwa wanasimama. Mwendesha bodaboda wa kona yetu akasema, haya, si mnasema inaisha? Binti yangu, akiwa na begi la shule mgongoni, akaniuliza kama ile nayo inahesabika.

"Ikibaki."

"Itabaki?"

"Tuangalie saa sita."

Saa sita mchana niliacha kufua nikatoka nje, mikono ina povu. Aliporudi shule jambo la kwanza lilikuwa hilo, hata kabla ya shikamoo. Nikamwambia sikuona. Wingu lilikuwa limefunika.